Maji Kidogo Kwenye Chupa ya Kipumulio

(Mazungumzo ya Kamati ya Mradi wa Mabibo mbele ya wanachama na wageni, siku kikundi kilipotimiza miaka kumi, Novemba 2024)



Tulianza mwaka 2014 tukiwa akina mama kumi na wanane, na sanduku moja la bati lenye kufuli tatu. Hisa ilikuwa shilingi elfu moja. Wako waliosema hatutafika Ramadhani. Tumefika.

Katika ratiba tumeandikiwa kichwa cha habari "Usafi katika utengenezaji wa vinywaji". Tulipokisoma tulicheka, maana baada ya pilau ile kichwa kama hicho kitamlaza mtu palepale alipo. Kwa hiyo tumeomba ruhusa tuseme jambo moja tu, ambalo wengi wenu mmekuwa mkituuliza njiani: kwa nini sisi watu wa mabibo tunaliosha dumu mara mbili, na ule mpira mrefu unaotoka kwenye kifuniko na kuingia kwenye chupa ya maji ni wa nini. Watoto wanasema eti tumelitia dumu dripu. Si dripu, ila hawako mbali sana na ukweli.

Tuanze na uraka. Hakuna asiyeujua uraka hapa kwetu, toka Msimbati na Madimba hadi Kitaya, na ng'ambo ya Ruvuma kwa ndugu zetu wa Msumbiji vilevile. Mkorosho ulitoka Brazili, Wareno wakauleta Msumbiji na India katika karne ya 16, na kila ulipofika watu walikamua bibo. Kule Goa, India, kinywaji kinachotoka mara ya kwanza katika kukeneka maji ya mabibo kinaitwa urrak. Sikilizeni jina hilo, halafu msikilize letu. Chao kimekenekwa na chetu hakikenekwi, lakini mabibo ni yaleyale.

Sote tumekulia kwenye mabibo. Unaokota, unanyonga korosho unaiweka kando, unatwanga kwenye kinu, unakamua, unachuja, unaacha kwenye ndoo au chungu. Asubuhi ni maji matamu. Jioni yamekuwa na ukali wa kupendeza. Kesho yake ndiyo pombe yenyewe. Keshokutwa, jamani, ni uchachu mtupu. Hamkutia kitu chochote, imejigeuza yenyewe, maana hamira imo kwenye ganda la bibo na kwenye kinu tangu zamani.

Sasa tatizo liko hapo kwenye keshokutwa. Mnunuzi wa uraka si mjinga. Jua likishaanza kutua anajua kuwa mali yako haina siku mbili za kuishi, basi bei anataja yeye. Sisi wote tumewahi kurudi na ndoo nusu na kuimwaga nyuma ya nyumba. Msimu wa mabibo ni miezi mitatu hivi, Oktoba mpaka Desemba kwa wengi wetu, na bibo ni zito kuliko korosho yake mara nyingi, mara sita hata mara kumi. Piga hesabu ya kilo za korosho zinazotoka katika wilaya zetu, Newala, Tandahimba, Masasi na hapa Mtwara Vijijini, halafu zidisha. Hicho ndicho chakula tunachowaachia inzi na nguruwe pori kila mwaka.

Ndiyo maana mwaka 2017 tulikuja mbele ya kikundi tukaomba mkopo wa mradi. Tulisema tutatengeneza mvinyo wa mabibo unaokaa miezi, tuuze Machi na Aprili wakati ghala za chakula ziko tupu na korosho imekwisha kuliwa. Mkatupa. Tulinunua madumu saba, sukari, hamira ya mkate na kitambaa cheupe cha kuchujia. Tulikuwa na moyo mkubwa, na tulikuwa hatujui kitu.

Tuseme wazi leo, maana baadhi ya wanachama wapya hawajapata kuisikia habari hii kutoka kwetu wenyewe. Madumu yale yalikuwa yametumika. Tuliyasugua kwa mchanga na majani, tukayasuuza kwa maji ya kisima, tukaona yanang'aa. Tukatia maji ya mabibo, tukaweka kifuniko bila kukikaza, na juu yake kitambaa. Baada ya wiki tatu tulifungua. Manne yalikuwa siki. Mawili yalikuwa na utando mweupe juu kama ngozi ya uji uliopoa. Moja lilinuka yai viza, tena harufu iliyoenea hadi barabarani. Zaidi ya lita mia moja, pamoja na sukari ya watu ndani yake. Wenzetu wawili walitoa hisa zao wakaondoka, na mmoja wao mpaka leo tukikutana sokoni anatusalimia kwa mbali. Hatumlaumu. Fedha ile ilikuwa ya ada ya mtoto.

Mkutano wa mwezi ule ulikuwa mgumu. Wako waliosema mradi umelogwa. Wako waliosema, na hili liliuma zaidi, kuwa hii ni pombe na pombe haina baraka. Tutalirudia.

Tulichofanya ni kwenda Naliendele. Pale kituo cha utafiti, nje kidogo ya Mtwara mjini, ndipo utafiti wa korosho wa nchi nzima unapoongozwa, na wamekuwa wakifundisha vikundi kusindika mabibo kuwa juisi, jemu na mvinyo. Tulitoka pale tumeelewa mambo ambayo tutayasema kwa lugha yetu.

Hamira ni kitu hai. Inakula sukari, inatoa kileo na hewa ile ya ukaa, ndiyo mapovu mnayoyaona. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeithibitisha habari hii katika karne ya 19, na mwaka 1876 alitoa kitabu kizima juu ya bia na magonjwa yake. Naam, bia nayo inaugua. Ugonjwa mkubwa wa pombe yetu unaletwa na vijidudu vya siki. Hivi navyo ni hai, vinakula kileo na kukigeuza siki, lakini ili vifanye kazi hiyo vinahitaji hewa safi, hii tunayovuta sisi. Vinakuja na vumbi, vinakuja na maji machafu, vinabebwa na vile vijinzi vidogo vyekundu vinavyojaa penye mabibo. Kitambaa chetu cheupe kilizuia inzi. Hewa hakikuizuia.

Basi kazi ni mbili. Kwanza, visiwemo ndani ya chombo unapoanza. Pili, vilivyobaki visipate hewa. Kazi ya kwanza ni ya kitakasa, ya pili ni ya kipumulio.

Tangu mwaka 2020 neno kitakasa kila mtu analijua, kwa sababu ya ugonjwa wa korona na ndoo zile zilizowekwa milangoni. Lakini tuliligundua kosa letu hapohapo: kusafisha na kutakasa si kitu kimoja. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaouona. Kutakasa ni kuua usivyoviona. Na huwezi kuanza na la pili. Kijidudu kilichojificha chini ya utando wa tope hakifikiwi na dawa, ni kama mtu aliyejifunika blanketi mvua inanyesha.

Sasa mchanga. Mabibi zetu walisugua vyungu kwa mchanga na walikuwa sahihi, maana chungu kilikuwa kinaanikwa juani, kinapashwa moto, na uraka ulikuwa wa kunywa siku ileile. Na mitungi ya maji ilifukizwa ubani. Hawakuwa watu wa hovyo. Lakini dumu la plastiki si chungu. Mchanga unalikwaruza ndani, na kila mkwaruzo ni shimo ambamo vijidudu vinakaa raha mustarehe. Stilwaya ni mbaya zaidi. Sisi tunatumia kitambaa laini, sabuni ya unga na maji ya moto kiasi, tunatikisa, tunamwaga, tunarudia. Dumu lililokwaruzika tunalipeleka kuchotea maji ya bustani.

Dumu lililowahi kutiwa mafuta ya taa halirudi. Lililokaa dawa ya mikorosho ndiyo kabisa, hilo hata maji ya kuoga usitie. Mnajua mashamba yetu yanapulizwa dawa, na unga wa salfa unatumika kuzuia ubwiri unga. Hapo ndipo tulipopata jibu la lile dumu la yai viza. Mabibo yale yalitoka shamba lililopulizwa salfa na hatukuyaosha vizuri. Hamira ikikutana na salfa inatoa harufu ile. Siku hizi mabibo tunayaosha kwa maji matatu, na tunachukua ya siku ileile tu. Lililolala chini, lililopasuka, lililoguswa na ukungu, linabaki chini.

Baada ya kusafisha ndipo tunatakasa. Tunatumia Jik, ile ya kawaida isiyo na manukato, yenye nguvu ya karibu asilimia 3.5. Someni lebo, kwa sababu zinatofautiana. Vijiko vinne vya chakula katika lita 20 za maji safi. Tunajaza dumu, tunatumbukiza humo kifuniko, mpira, faneli na kijiko cha kukorogea, tunaacha dakika ishirini. Halafu tunamwaga na kusuuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka harufu iishe kabisa. Ukiacha dawa ndani, mvinyo unatoka na ladha ya hospitali. Tumewahi kuunywa huo pia.

Kuna mama aliuliza kama vidonge vya WaterGuard vinatosha. Vile ni vya maji ya kunywa, kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, na nguvu yake ni ndogo kwa kazi hii. Na kuna jambo ambalo hatutaki likosewe hata na mtoto: Jik haichanganywi na siki wala ndimu wala dawa nyingine ya kusafishia. Inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Tunafanyia kazi hii nje, chini ya mwembe.

Vya bati na chupa za kioo hazihitaji Jik, tunazichemsha. Mikono tunaiosha kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Na mdomo, jamani, mdomo ukae mbali. Zamani tulipotaka kuhamisha pombe toka dumu moja hadi jingine tulikuwa tunavuta mpira kwa mdomo kama wauza petroli wa njiani. Mate ya mtu yana vijidudu kuliko kinu. Sasa tunaujaza mpira maji yaliyochemshwa kwanza, tunaziba kwa kidole, tunashusha, yenyewe inavuta.

Haya, kipumulio.

Ukikaza kifuniko cha dumu lenye hamira inayofanya kazi, hewa ya ukaa inajaa haina pa kutokea. Sisi tunajua. Msimu wa 2018, tukiwa na uoga wa hewa baada ya yale ya mwaka uliotangulia, mmoja wetu aliyakaza madumu mawili kwa nguvu zake zote, na mkono wake mnaujua. Usiku wa pili kishindo! Majirani walitoka na mapanga wakidhani ni wezi. Kifuniko tulikikuta juu ya paa la jiko. Sisi wa Mtwara tumeizoea habari ya gesi, ya Mnazi Bay inakwenda hadi Dar es Salaam kwa bomba tangu 2015, lakini ile ya kwenye dumu ilitaka kwenda yenyewe bila bomba.

Kwa hiyo ikabidi litafutwe bomba lake. Vile vipumulio vya dukani, vya plastiki vyenye vikombe viwili, hapa kwetu havipatikani, na tulipoambiwa bei yake mjini tuliguna. Tulichotumia ni mpira wa levo. Mafundi ujenzi wanaujua, ule mweupe unaopitisha mwanga, wanautia maji kupima usawa wa msingi. Duka lolote la vifaa vya ujenzi wanakukatia kwa mita. Nunueni mpya. Tusisikie mtu ameokota mpira wa dripu kwenye jalala la zahanati.

Unatoboa kifuniko tundu dogo kuliko mpira kidogo, kwa msumari uliopashwa moto. Unausukuma mpira mpaka uingie kwa kubana, uishie juu, usiguse pombe. Kwenye maungio unazungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na nta. Ncha ya pili unaiingiza kwenye chupa ya maji yaliyochemshwa, izame vidole viwili tu, na chupa ikae chini kuliko dumu. Hewa ya ndani inasukuma, inapita kwenye maji, inatoka kama mapovu. Ya nje ikitaka kuingia inakuta maji. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Maji ya vidole viwili yanafanya kazi ambayo kifuniko cha chuma hakiwezi.

Tulijifunza mengine kwa kukosea. Dumu la lita 20 usilijaze, tia 15, kwa maana joto letu la Novemba linaifanya hamira iruke kama maziwa yanayochemka, povu linapanda, linaziba mpira, na hapo umerudi kwenye kishindo. Usiku kukiwa na baridi kidogo maji ya chupa huvutwa kurudi nyuma, ndiyo sababu lazima yawe yamechemshwa na yasitiwe dawa. Vijinzi vinazama humo, hivyo tunayabadili kila siku ya tatu. Na usipoona mapovu usikimbilie kusema imeiva. Pengine kifuniko kinavuja. Tunapaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama, kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha.

Mtauliza habari za mapishi yenyewe. Hatutazimaliza zote leo. Maji ya mabibo yana ukakasi, tunaupunguza kwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, unashuka na uchafu wote chini. Tunayapasha moto bila kuyachemsha sana, tunatia sukari kilo moja kwa kila lita kumi, tunaacha yapoe mpaka yawe uvuguvugu wa maziwa ya mtoto, ndipo hamira. Ukitia yakiwa moto umeiua, na utakaa wiki nzima ukiitazama chupa isiyotoa hata povu moja. Baada ya wiki mbili hivi mapovu yanapungua. Tunahamisha, tunaacha mashapo chini, tunarudishia kipumulio, tunasubiri tena mpaka iwe angavu. Hatutii kwenye chupa kabla haijatulia kabisa, chupa nayo inapasuka.

Madumu ya 2018 yaliyosalia ndiyo yaliyoutetea mradi huu, na wanachama wanaukumbuka msimu ule wa 2018/19. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaibeba. Katika nyumba zetu nyingi fedha ilichelewa kufika. Krismasi ilipita, shule zikafunguliwa Januari. Tulikuwa na madumu sita ya mvinyo, mazima, yasiyo na siki hata kidogo. Hakuna aliyetulazimisha kuuza jioni ileile. Tuliuza kidogo kidogo, kwa bei yetu, mpaka Aprili. Mkopo wa 2017 na ule wa pili tulirudisha vyote, na watoto wanne wa wanachama walilipiwa sare na madaftari kutoka kwenye mfuko wa jamii. Ni fedha ndogo, ila ilifika kwa wakati.

Sasa lile tulilosema tutalirudia. Kikundi hiki kina Waislamu na Wakristo, na wengi wetu ni Waislamu. Wako dada zetu ambao tangu mwanzo walisema riziki ya pombe hawaitaki mfukoni mwao. Tulibishana miezi mitatu. Mwisho tuliutenga mfuko wa mradi: hisa ya mtu haiingii kwenye mabibo mpaka atie saini mwenyewe, na faida ya mabibo haichanganywi na gawio la wengine. Dada zetu wale wanatengeneza jemu na juisi, na kwenye vyombo ni wakali wa kutakasa kuliko sisi. Ajabu ni kwamba siki, ile iliyotuliza mwaka 2017, sasa tunaitengeneza kwa makusudi. Ukitaka mvinyo unazuia hewa, ukitaka siki unaikaribisha: chombo kipana, kitambaa safi juu, unakoroga. Watu wa achari ya maembe wanainunua. Wako wanaosema hata siki hawaigusi kwa sababu ilipita kwenye pombe, na hilo nalo tumeliheshimu. Hatudhani ubishi huu umekwisha. Ila tumejifunza kuubishana bila kuvunja sanduku.

Neno moja la kutisha kidogo, mtusamehe siku ya sherehe. Januari 2015 huko Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji waliyopikiwa. Aliyeipika alikuwa miongoni mwao. Kwanza watu walisema imetiwa nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima wakakuta sumu iitwayo asidi ya bongkreki, iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika. Sumu ile haiishi kwa kuchemsha. Tunawaambia hivi kwa sababu wengine wenu mnapika pombe ya nafaka, na tusingependa mtu atoke hapa akidhani Jik na mpira vinafufua unga uliolowa na kuota koga. Havifufui. Unga wa namna hiyo mwaga, hata kuku usimpe.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumeshasifiwa kidogo, na ushauri tayari tumepewa: ongezeni hiki, ongezeni kile, iwe kali. Novemba 2000 huko Nairobi zaidi ya watu mia moja walikufa kwa pombe iliyochanganywa spiriti ya viwandani. Kwa hiyo hatuongezi kitu. Hatukeneki pia, gongo imekatazwa kwa sheria ya mwaka 1966, na kuuza pombe za kienyeji kunataka leseni. Leseni yetu iko ofisini ukutani. Nembo ya TBS bado, na bila hiyo maduka ya mjini hayatupokei. Mheshimiwa mgeni rasmi, hili tunaliomba mbele yako: tunahitaji chumba chenye sakafu ya saruji na maji ya bomba, kwa sababu mkaguzi hawezi kupitisha kazi inayofanywa chini ya mwembe, hata mwembe uwe msafi namna gani. Eneo kijiji kimeshatupa. Tofali tumefyatua wenyewe, ziko mia nane. Tumebakiwa na saruji na bati.

Akina baba, tunajua mnachosubiri kusikia. Ndiyo, chupa zipo, meza ya mwisho karibu na mlango. Kwa waume wa wanachama hatukopeshi, hilo limo kwenye katiba.

Na wanaotaka kuona kipumulio kinavyofanya kazi, madumu matano ya wiki hii yako kwenye kibanda nyuma ya jukwaa. Hesabuni mapovu, leo asubuhi tulihesabu arobaini kwa dakika kwenye dumu la kwanza. Waacheni watoto watazame lakini wasivute mpira. Dumu la tano lina alama nyekundu, hilo msiliinamie, povu lilipanda jana usiku na mpira wake tumeubadilisha alfajiri.